Kamba ya Kokoro Ndani ya Injini

Makoye,

Sikuulizi hali. Umelala chumba cha pili na nakusikia unavyokoroma, kwa hiyo hali yako naijua kuliko unavyoijua mwenyewe. Ukiamka utaikuta barua hii juu ya sanduku lako la vifaa. Isome yote kabla hujafungua mlango wa mbele.

Mambo ya kula vizuri, kufua nguo, kwenda kanisani na kuangalia watu wa kukaa nao nimeyaruka. Umeyasikia tangu ulipokuwa unavaa kaptura, na kama hayajaingia mpaka leo hayataingia kwa barua. Unakwenda Geita kufanya kazi kwenye gereji. Watu usiowajua wataacha magari yao mikononi mwako na kwenda zao. Nataka kuzungumza juu ya hilo tu, na nasema mapema kwamba naandika nikiwa nimechukizwa. Si hasira. Hasira yangu unaifahamu, inapita nikinywa maji. Hiki ni kinyaa, kama cha mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi alioupika mwenyewe.

Leo mchana nilifungua sanduku lako nikitafuta chujio langu la chai. Nilijua limo humo, kwa sababu vitu vyangu vya jikoni vimekuwa vikihamia kwenye gari kimoja kimoja. Sufuria ya ugali ndiyo ilianza. Uliikingia oili chafu, ukairudisha jikoni bila kusema, na harufu ile haikutoka kwa sabuni, kwa majivu wala kwa limau. Mpaka leo nikila ugali wa sufuria hiyo nahisi nakula gia boksi. Chujio nililikuta. Lilikuwa limechuja petroli.

Kwa kuwa sanduku lilikuwa wazi, nilitazama vilivyomo. Kopo la maziwa ulilolikata ukalizungusha kwenye pistoni na kulibana kwa klipu ya mpira wa maji, ili ringi zikubali kuingia kwenye silinda: nililiona likifanya kazi, na lilifanya vizuri. Kile kipande cha bomba ulichokitoboa dirisha kwa msumeno wa chuma, cha kukandamizia springi za vali: kizuri pia, kingo zake umezipiga tupa zikawa laini. Spoku ya baiskeli uliyoikunja kuwa ndoano ya kung'olea sili kuukuu. Sumaku ya kunasia vile viklipu vidogo vya vali visidondoke ndani ya injini, uliyoitoa kwenye spika ya redio yangu. Redio ilikuwa nzima, Makoye, lakini hilo tuliache.

Sina ugomvi na vifaa hivyo. Cha dukani hakipo hapa mjini, au kipo kwa fundi ambaye hakiazimishi hata kwa ndugu yake. Mtu hawezi kukaa anasubiri. Umekata, umechomelea, umejaribu, umetupa, umeanza tena. Hapo sina neno.

Ila chini kabisa, chini ya chujio langu, niliikuta ile kamba.

Nitaieleza habari yake tangu mwanzo ingawa ulikuwepo. Tulikuwa watatu, na nimegundua kwamba kila mmoja wetu anaieleza kwa namna inayomfaa yeye.

Gari letu lilianza kutoa moshi wa bluu asubuhi likiwashwa. Likishapata moto, moshi unakata. Ulisema ni sili za vali, vile vipira vidogo vinavyozuia oili isidondokee kwenye silinda, na ulisema kweli. Kuzibadilisha bila kufumua injini nzima kuna shida moja: ukitoa springi, vali inaanguka ndani. Gereji zenye kombresa hujaza upepo kwenye silinda ukaishikilia vali juu. Sisi kombresa hatuna. Ukasema unaweza kutoa plagi, ukaingiza kamba kwenye tundu lake mpaka ijae, kisha ukaizungusha injini kwa mkono hadi pistoni ipande na kuikandamiza kamba dhidi ya vali. Vali haina pa kwenda. Ni wazo zuri. Nililisifu siku ile na leo silikani.

Ulitaka kamba mpya ya pamba. Mjomba wako Lutonja, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yangu akila mahindi yangu, akasema unapoteza muda. Akaenda zake Igombe kwa wavuvi, akarudi na kamba begani kama mtu aliyeua nyoka.

"Hii imevuta kokoro," akasema. "Wanaume wanane upande huu, wanane upande ule, na samaki kibao katikati. Vali ni nini? Kitu kama kijiko!"

"Lakini ni chafu, mjomba," ukamwambia.

"Chafu? Imeoga ziwani maisha yake yote. Wewe umeoga leo?"

Ulicheka, nami nikacheka. Kisha nikauliza swali langu, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi inayonilisha.

"Lutonja, umeiosha?"

"Dada, nimeisuuza kulekule ziwani."

Nikaitikia "haya," nikaingia ndani kuendelea na yangu.

Kila aliyekulia kando ya ziwa hili anaamini kwamba kitu kilichotoka majini kimetoka safi. Tunaosha humo vyombo, nguo, miguu, pikipiki. Lakini kokoro ni wavu usiotumika katikati ya maji. Linakokotwa kuja ufukoni, na ndiyo sababu limepigwa marufuku, linazoa kila kitu. Kamba yake inalala kwenye mchanga, inavutwa juu ya mchanga, inaloweshwa na kukaushwa juu ya mchanga, na kila siku inameza kidogo mpaka mchanga unakaa katikati ya nyuzi, usikoonekana. Ukiishika ikiwa kavu ni laini tu. Mimi najua hivyo, nimesimama kwenye fukwe hizo nikiandika habari za kokoro mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliuliza swali sahihi nikapewa jibu ambalo halikuwa jibu, nikalipokea kwa sababu mahindi yalikuwa yanaungua.

Kazi ilikwenda vizuri. Asubuhi iliyofuata gari liliwaka bila moshi, Lutonja akalipigia makofi. Mwalimu Nestori wa geti la pili alikuwa anafagia nje, akasikia makofi, akaja kuangalia.

Mwalimu unamjua, lakini nimwandike kama nilivyomwona siku hiyo. Mstaafu, shati limepigwa pasi ingawa hakuwa na pa kwenda. Gari lake lilikuwa na moshi uleule wa asubuhi. Halitumii kwa fahari. Mkewe, Mama Adela, miguu imevimba, kupanda daladala hawezi tena, na gari lile ndilo linalompeleka kliniki. Ulimfanyia kazi mchana mmoja kwa kamba ileile, na yeye akawa anakushikia boneti na kuwaambia wapita njia, "Huyu ni injinia. Ni mtoto wa hapahapa Mkolani."

Baada ya wiki chache letu likaanza kutoa moshi tena, safari hii kutwa nzima, na likawa linakunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi. Ukalifumua. Kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo ya kwenda chini, kama mtu amepitisha uma. Mjomba wako akachungulia na kusema ni uzee, hata yeye ana makunyanzi. Wewe ukapitisha ukucha. Ukachukua uchafu uliokuwa juu ya pistoni, ukausaga kati ya vidole, ukauweka kwenye ulimi, ukatema.

"Mama, ni mchanga. Ni ile kamba."

Sikukwambia siku hiyo, nakwambia sasa: nilijivunia. Nimewahoji wahandisi waliokwepa ukweli mdogo kuliko huo kwa saa nzima. Mpaka hapo, Makoye, hakuna kinachonichukiza. Mlikosea bila kujua, na mlipojua ulisema.

Kinyaa kinaanzia siku Mwalimu alipokuja.

Ulikuwa chini ya gari. Ulitoka, ukafuta mikono, ukainama kidogo kama nilivyokufundisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, injinia. Gari langu limerudia moshi. Na sasa ni mwingi. Jana tumepanda kilima majirani wakadhani nachoma taka."

Ulirudia kufuta mikono uliyokwisha kuifuta. Nilikuona, nilikuwa hapo mlangoni na kikombe mkononi. Lutonja ndiye aliyejibu.

"Umebadilisha oili karibuni, Mwalimu?"

"Nimebadilisha. Nilinunua Buzuruga, pale stendi."

"Ahaa! Basi ndiyo hiyo. Mji umejaa oili feki, Mwalimu wangu. Wanapika huko majumbani."

Mwalimu akakutazama wewe, si yeye. Alikuja kumwuliza fundi wake. Nawe ukasema, "Inawezekana ni oili, Mwalimu."

Ulimpa shikamoo nzuri kabisa, halafu ukampa hilo.

Na haikuishia hapo, kwa sababu mzee yule akageuka kwangu. "Mama Makoye, wewe ni mwandishi. Fuatilieni hawa watu wa oili feki, wanatuulia magari."

Nikamjibu, "Tutalifuatilia, Mwalimu. Karibu chai."

Hayo ndiyo maneno yangu, nayaandika kama nilivyoyasema. Nilikuwa najua kuhusu mchanga. Nilikuwa nimeiona mikwaruzo kwa macho yangu. Nikaahidi kuchunguza uongo uliotungwa uani kwangu, kisha nikamkaribisha chai.

Alikunywa. Siku iliyofuata alikwenda Buzuruga, akamfokea binti anayeuza oili pale stendi mbele ya abiria. Alikuja kutusimulia mwenyewe, amefurahi kwamba amesema ukweli wake. "Nimemwambia, binti, utakuja kuua mtu. Analia lakini anajua alichofanya." Wewe ulikuwa umeingiza kichwa ndani ya boneti, unatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Lutonja akasema wanawake wa stendi ni wajanja sana. Mimi nikakusanya vikombe.

Tangu siku ile sijaweza kuipita stendi ya Buzuruga upande wa meza yake. Nazunguka.

Nikusimulie jambo la zamani kidogo, halina uhusiano na wewe. Nikiwa bado mgeni kazini nilitumwa kuandika habari za fundi aliyetengeneza winchi ya kunyanyulia injini kwa mabomba ya geti. Bwana mchangamfu. Nilimpiga picha amesimama chini ya injini inayoning'inia, anacheka, na mhariri akaiweka ukurasa mzima. Kila mtu akaipenda, maana tunapenda sana neno mbunifu. Baadaye winchi ile iliteleza ikampondaponda mguu kijana wa watu. Nikapeleka habari. Mhariri akasema, "Hiyo si habari tena, tulishamwandika." Sikubishana. Nilikuwa nimezunguka kifaa kile na kalamu, nikaandika rangi yake, urefu wake na majina ya watoto wa fundi. Sikuuliza kinabeba uzito gani na nani amekijaribu.

Nimekaa kwenye kazi hii nikisikia sentensi moja kwa sauti nyingi. Mwenye boti iliyojaa kupita kiasi anaisema. Aliyejenga ukuta chini ya jiwe lililopasuka anaisema. Mjomba wako anaisema kama sala: si inafanya kazi? Inafanya kazi leo, na aliyeisema kesho hayupo.

Kifaa cha dukani kikiharibu gari, unaweza kumlaumu aliyekitengeneza. Kifaa cha kubuni, aliyekitengeneza ni wewe. Hakuna wa juu yako. Ukikata bomba ukaliita kifaa, umekuwa kiwanda, na mtu akija na malalamiko, ofisi ya malalamiko ni wewe pia. Mwalimu alikuja ofisini akakuta watu watatu wazima wanamwelekeza stendi.

Leo wakati wa kula nilikuuliza kamba ile inafanya nini kwenye sanduku lako. Ulikuwa unatafuna. Ulisema, "Nitaifua, mama. Itafaa tu."

Nilitaka kukurushia bakuli. Badala yake nikakuongezea mboga, kwa sababu sipendi kugombana na mtu anayesafiri. Lakini ulipokwenda kuaga marafiki zako nikaitoa ile kamba. Nikajaza maji lile beseni jeupe, nikatia sabuni, nikaifua kwa mkono kama nguo ya mtoto mchanga, nikiikunjua uzi kwa uzi. Nilitaka kujua, si kuambiwa. Maji yalibadilika rangi mara moja. Niliiloweka, nikaikamua, nikaiacha mpaka jioni, nikaikamua tena. Kisha nikaitoa, nikasubiri maji yatulie.

Beseni lipo mlangoni. Usijikwae nalo na usilimwage. Chini yake kuna mchanga, Makoye, mwingi wa kujaza kiganja, na huo ni uliobaki. Mwingine uko ndani ya gari letu na ndani ya gari la Mwalimu. Hata kwa mwanga wa taa unauona, mweupe, mzuri kama ule wa ufukoni watu wanakopigia picha za harusi.

Kamba nimeikata vipande vifupi, haitafaa tu kwa lolote. Sumaku na kopo na bomba nimevirudisha sandukuni, nenda navyo. Chujio pia chukua, mimi sitalitumia tena.

Mjomba wako nimempigia simu nikamweleza ninachotaka kesho. Akasema, "Dada, mtoto anasafiri, unamtafutia mkosi wa nini? Mzee ameshaamini, mwache na amani yake." Nikamwambia amani hiyo inatoa moshi. Akasema ana kazi Igombe. Simtegemei, na wewe usimsubiri.

Basi lako ni la asubuhi. Zamani mtu wa Geita alikaa foleni ya kivuko pale Kigongo, jua likampiga, akapata muda wa kujifikiria na hata kurudi. Siku hizi ni daraja. Basi likishaondoka, kabla hujamaliza karanga zako umeshapita Busisi uko ng'ambo, na mtu akishakuwa ng'ambo anapata maneno mengi ya kujieleza. Kwa hiyo ni kabla ya basi. Likikuacha, kuna jingine.

Mwalimu hufagia mbele ya geti lake mapema. Usimwambie kuhusu mjomba, usimwambie ulikuwa umechoka, na usianze na pole. Mwonyeshe beseni na umweleze kamba ilipita wapi. Mwambie silinda zake zinahitaji kuchongwa upya na kuwekwa ringi mpya, na kwamba utarudi kuifanya kazi hiyo mwenyewe, siku utakayoitaja hapohapo mbele yangu. Gari letu litakaa juu ya mawe bila injini mpaka lake litembee. Vyovyote vitakavyohitajika kwa letu vitangoja. Mimi nitapanda daladala, miguu yangu haijavimba.

Anaweza kukufokea. Anaweza pia kunyamaza, na hilo ni baya zaidi, simama tu. Anaweza kuacha kukuita injinia. Siwezi kukwambia itakuwaje, sijui, na sipendi kuandika nisichokijua. Najua tu kwamba ukiondoka bila kufanya hivyo, utafika kwenye gereji ya watu ukiwa umeshajifunza jambo moja vizuri sana: kwamba mteja akirudi, kuna binti stendi.

Sitakuamsha. Sitagonga mlango wako wala kukohoa sebuleni. Ukiamua kupita mlango wa nyuma na sanduku lako, njia unaijua, na nitakupikia siku ukirudi kama kawaida, maana wewe ni mwanangu na hilo halifumuliwi. Lakini mimi nitakuwa nimeshavaa, nimekaa kwenye kiti cha mlangoni. Nina la kwangu la kumwambia Mwalimu kuhusu ile chai, na tukitoka hapo nitakwenda Buzuruga peke yangu, safari hii upande wa ile meza.

Beseni limejaa, ni zito kwa mtu mmoja. Shika upande wa kushoto, mimi nitashika wa kulia. Tutembee polepole tusilitikise. Mchanga umeshatulia chini, na nataka auone.

Mama yako